Sauti Yangu Iko Ndani ya Ile Kompyuta

"Haiwaki," mume wangu akasema, bila hata kuinama kuitazama.

Nikachukua simu yangu, nikaandika, nikamsogezea usoni asome: "Leo hujaijaribu."

"Nimeijaribu asubuhi ulipokuwa unamwogesha mtoto."

"Muongo. Asubuhi ulikuwa unatafuta soksi."

Akatabasamu, lile tabasamu lake la kuomba yaishe. Mimi sikutaka yaishe. Nikaenda kwenye kona ya sebule, kwenye ile meza yenye mguu mmoja tuliouwekea kipande cha mbao, nikabonyeza kitufe mwenyewe. Feni ikazunguka. Taa ya kijani ikawaka. Halafu ikaanza kulia kama kila siku: piiii, piiii, piiii. Kioo cheusi tii.

"Umeisikia?" akasema. "Hiyo ni madabodi, ule ubao mkuu wa ndani, imekufa. Nimeshamwambia jamaa anitafutie nyingine. Vumilia, mama Kidoti."

"Miezi saba navumilia. Jumamosi mtoto anatimiza miaka mitatu. Nataka sauti yangu."

Akasoma, akanirudishia simu bila kunitazama, akaenda kazini.

Ngoja nieleze, maana mtu akiukuta ugomvi wetu katikati ataona mwanamke amechanganyikiwa, anagombea kompyuta kama anagombea mume.

Mimi nilikuwa na sauti. Si sauti tu, nilikuwa na mdomo. Nilikuwa nauza mashuka mnadani, na watu walikuwa wanakuja kununua wakitukanwa na bado wanarudi. Mume wangu alinisikia kabla hajaniona. Alikuwa upande wa pili wa soko ananunua waya, akafuata kelele. Mpaka leo husema, "Mimi nilipenda sauti, mwenye sauti nikapewa kama nyongeza."

Halafu ukaja uvimbe kooni. Daktari hakuzunguka sana. Alisema, "Tukiuacha, utakuua. Tukiutoa, utaondoka na sauti." Nikageuka kumtazama mume wangu. Akasema, "Sauti iende, yeye abaki."

Tukapewa wiki tatu za kujiandaa. Katika wiki hizo kila alasiri nilikaa mbele ya ile kompyuta, mume wangu amenifungia maiki, nikaongea na binti yetu. Tunamwita Kidoti kwa sababu ya alama aliyozaliwa nayo shavuni. Alikuwa na miaka miwili na miezi kidogo, na nilijua atasahau. Nikarekodi mara arobaini na moja. Moja nikaiita Ukifika Miaka Mitatu. Nyingine Siku ya Kwanza ya Shule. Nyingine Ukiolewa. Na moja, ya mwisho, haikuwa ya mtoto. Ilikuwa ya baba yake. Nikaiita Tukigombana, nikamwambia asiifungue mpaka tugombane kweli.

Nilimuuliza kama nizihifadhi na mahali pengine. Alicheka sana siku hiyo.

"Mke wangu, kompyuta iliyo nyumbani kwa fundi iko salama kuliko benki."

Maana yeye ni fundi kompyuta, nilisahau kusema. Ana duka lake, meza mbili na bisibisi mia. Wanasema kinyozi hajinyoi, na mume wangu simu yake ni ya vitufe mpaka leo. Simu yangu ya zamani, yenye video zote, ilidumbukia kwenye beseni la nguo. Dada yangu hufuta kila kitu simu yake ikijaa. Kwa hiyo kama ningetaka kumwonyesha mtu kwamba niliwahi kuongea, ushahidi wote ulikuwa mle ndani, kwenye kompyuta ya fundi, isiyowaka.

Siku ile ile dada yangu mkubwa akapiga. Mimi kwenye simu sina maneno, kwa hiyo nagonga kwa ukucha: mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana.

"Mdogo wangu, kompyuta imepona?"

Nikagonga mara mbili.

"Na jana alirudi saa ngapi, amechelewa tena?"

Nikagonga mara moja.

"Na anasema yuko dukani?"

Mara moja.

"Hee! Fundi wa mtaa mzima, kompyuta ya mkewe miezi saba! Mdogo wangu, nisikilize vizuri. Hiyo si kompyuta. Hapo kuna mwanamke. Labda kuna mapicha yake mle ndani, na yeye hataki iwake."

 Neno liliniingia. Nilikata simu, nikachomoa waya, nikalifunga lile boksi kwenye shuka, mtoto nikamwacha kwa jirani, nikalibeba kifuani mpaka mtaa wa pili kwa fundi mwingine. Ni mwanamke, watu wanamwita Fundi Miwani, na hajuani na mume wangu.

Nikamwandikia: "Inalia haiwaki. Usifute chochote. Nakuomba sana, usifute."

"Dada, mimi sipigi windows mpya kabla ya kuuliza," akasema. "Tulia. Acha niisikilize kwanza."

Akaiwasha. Piiii, piiii, piiii.

"Mlio huo naujua. Nani aliifungua mara ya mwisho?"

"Mume wangu. Ni fundi."

"Ndiye aliyeweka hii rangi kwenye skurubu?"

Kweli, hiyo ni tabia yake. Kila mashine anayoifunga huweka tone la rangi ya kucha kwenye skurubu, mtu mwingine akiifungua ijulikane. Rangi ananiibia mimi. Nikainama kutazama. Matone yalikuwa mazima, hayajachubuka, na yalikuwa ya zambarau. Chupa ya zambarau niliinunua baada ya kutoka hospitali.

Fundi Miwani akafungua, akamulika tochi. Halafu akaniita nisogee.

"Unaona hapa pana nafasi mbili tupu? Hapa hukaa ramu, kibao cha kumbukumbu. Bila hicho itawasha taa na feni, italia hivyo hivyo mpaka kiama. Hakuna ugonjwa humu, dada. Kuna kitu kimetolewa."

"Kimeibiwa?"

"Mwizi hakurudishii rangi. Aliyekitoa ndiye aliyeifunga."

Nikayatazama tena yale matone ya zambarau. Akachukua ramu yake mwenyewe kwenye droo, akaipachika, tik. Akabonyeza kitufe. Haikulia. Kioo kikawa na mwanga. Miezi saba nilisubiri mwanga ule, na ulichukua dakika tano.

Lakini haikuwa kompyuta yangu. Hapakuwa na picha ya Kidoti, wala folda yangu. Palikuwa na kioo kisafi, kama nyumba iliyohamwa.

"Mbona mpya?" akasema peke yake. Akabonyeza hapa na pale. "Dada, hii ilipigwa windows upya tarehe nane mwezi wa pili. Vya zamani vyote vilifutwa."

Tarehe nane mwezi wa pili. Nikamtumia mume wangu meseji: "Tarehe nane mwezi wa pili ulifanya nini?"

 Akajibu: "Uko wapi?"

Nikaandika: "Iko wapi sauti yangu?"

Sikusubiri jibu, nikaliacha boksi kwa Fundi Miwani. Nikaenda dukani kwake kwa miguu, na njia nzima nilikuwa namwomba Mungu nimkute na mwanamke. Naapa. Nilikuwa namwomba awe mnene, awe mwembamba, awe jirani, yeyote yule. Afadhali ingekuwa mwanamke.

Nilimkuta peke yake. Ameshika kichwa, na mbele yake pana chupa yangu ya rangi ya zambarau. Aliponiona akasimama.

"Kaa, mama Kidoti."

Nikatikisa kichwa.

"Nilitaka kuinakili kwanza. Naapa kwa Mungu nilitaka kuinakili. Ilikuwa inawaka inazima, inawaka inazima, nikaileta hapa niinakili ndipo niipige upya. Akaja mteja, yule mwalimu mwenye maneno mengi. Nikawa naongea naye huku mkono unafanya kazi. Naifanya kazi hiyo mara kumi kwa siku, mke wangu. Mashine inauliza, nifute vyote? Mkono unajibu ndiyo. Mwalimu ananisimulia habari za shemeji yake, na mkono ukajibu ndiyo."

Nikaandika: "Ukanyamaza."

"Ulikuwa na wiki mbili tu tangu upasuliwe. Unakumbuka kile kidaftari chako? Kila mgeni aliyekuja kukupa pole ulimwandikia, msinilie, sauti yangu iko nyumbani. Kwa kila mgeni! Hata kwa yule muuguzi mkali. Mimi nimesimama hapo pembeni nashika chupa ya maji. Ningekuambiaje?"

"Ukatoa ramu, ukaniwekea mlio nisikilize miezi saba."

"Nilidhani nitazirudisha! Nilidhani ni wiki moja. Ndiyo maana nachelewa. Kila jioni naichimba nakala ya ile diski. Njoo uone. Majina nimeyapata yote."

Akageuza kioo. Kweli, yalikuwepo, yamejipanga: Ukifika Miaka Mitatu. Siku ya Kwanza ya Shule. Ukivunja Ungo. Ukiolewa. Tukigombana. Niliyahesabu kwa kidole, arobaini na moja. Moyo ulinipiga kama mjinga. Nikabonyeza Ukiolewa mwenyewe.

Ikatoka kelele kama mchanga unaomwagwa juu ya bati.

Nikabonyeza nyingine. Mchanga. Nyingine haikutoa hata mchanga.

"Majina yapo," akasema polepole. "Ndani ndimo hamna kitu. Windows mpya ilikaa juu yake."

Nilifungua mdomo nimtukane. Mimi, niliyekuwa natukana mnada mzima na watu wakanipenda. Nilifungua mdomo wote, na kilichotoka ni upepo tu, hapa shingoni, kwenye tundu nililoachiwa na upasuaji, chini ya kitambaa. Yeye akasikia huo upepo, akaanza kulia. Mwanaume mzima na bisibisi zake.

Nikachukua chupa yangu ya rangi ya kucha pale mezani, nikaondoka.

Nilikwenda kwa dada yangu na mtoto na nguo za siku mbili. Dada alisoma simu yangu yote, meseji kwa meseji, mara mbili.

"Ndiyo hiyo tu? Hakuna mwanamke?"

Nikaandika: "Hakuna."

Akakaa chini. "Ee Mungu wangu. Mwanamke tungemfukuza."

Ijumaa nzima mume wangu alipiga, sikupokea. Meseji ziliingia, za vitufe, fupi fupi.

"Nisamehe."

"Mtoto amekula?"

"Najua haisameheki. Mtoto amekula?"

Jumamosi, siku ya Kidoti, dada alinipa simu kwa lazima. "Pokea. Hata kama ni kumgongea matusi."

Nikapokea.

"Mama Kidoti, unanisikia?"

Nikagonga mara moja.

"Umenisamehe?"

Mara mbili. Sikuchelewa hata kidogo.

"Sawa. Ni haki yako." Akavuta pumzi. "Unanichukia?"

Hapo kidole kilisimama. Dada ananitazama. Nikagonga mara mbili.

Nikamsikia anajikaza asilie. "Nimepata kitu. Si kikubwa. Sekunde tisa. Zilizobaki zimekwisha, mke wangu, nisikudanganye tena, nimefika mwisho wa diski na hakuna kingine. Ni hizo tisa tu. Nizilete?"

 Nikagonga mara moja.

Alikuja na shati lisilopigwa pasi na flashi mkononi, ameibana kama mtu aliyebeba yai. Dada hakumkaribisha kiti. Yeye akaichomeka ile flashi kwenye redio ya dada, akapiga magoti pale chini kuitafuta, kisha akanitazama.

"Ni kipande cha Tukigombana," akasema. "Sikuwa nimeifungua kabla, naapa. Ulisema mpaka tugombane."

Akabonyeza.

"Baba Kidoti! Zima hiyo feni, narekodi! Masikio yako yako wapi? ... Haya. Mume wangu, siku tukigombana, mimi na wewe, nakuomba..."

Basi. Ikakatika.

 Ilikuwa kubwa kuliko nilivyoidhania, ile sauti. Ilikuwa na ukali na kicheko kwa chini. Nilikuwa nimeisahau. Nikijaribu kujisikia kichwani siku hizi, inayonijibu ni sauti ya dada yangu.

Dada akajifunika uso na mtandio.

"Uliniomba nini?" mume wangu akauliza. "Siku mbili nimeirudia. Nimejaribu kuimalizia mwenyewe. Nakuomba usiondoke? Nakuomba uninyamazie? Niambie, nami nitafanya hivyo hivyo. Uliniomba nini?"

Nilichukua simu. Nikatafuta kichwani, nikatafuta kweli. Niliongea dakika ishirini siku ile, hilo nalijua, na mwishoni nililia kidogo. Maneno yenyewe hayapo.

Nikamwandikia: "Sikumbuki."

Akasoma. Akainamisha kichwa mpaka kikagusa redio.

Kidoti alikuwa mlangoni ameshika mwanasesere kwa mguu. Akaja, akaigusa redio kwa kidole.

"Nani huyo anagomba?"

"Ni mama," baba yake akasema.

Mtoto akanitazama. Akaitazama redio. Akacheka, anaona baba yake anamtania.

"Mama haongei."

"Zamani mama alikuwa anaongea."

"Hapana," Kidoti akasema, kwa upole kabisa, kama anavyomfundisha mwanasesere wake. "Mama haongei."

Dada alitoka akaenda jikoni, tukamsikia anafungua maji bila kazi yoyote. Hapo ndipo nilipojua kwamba yamekwisha. Sauti ilikuwa haipo tena kwenye diski, na ilikuwa haipo kwa mtoto. Nilimtazama yule mwanaume pale chini, na kitu kimoja kikanijia, kikaniuma vibaya. Aliyeifuta ndiye pekee anayeijua.

Nikamwandikia: "Wewe unaikumbuka?"

"Yote."

"Ya mnadani?"

"Mke wangu, hiyo naota nayo."

"Basi muigizie."

Akasoma mara mbili, akaona sitanii. Akasimama, akafuta pua kwa mkono wa shati, akapandisha sauti yake juu huku amevaa uso wa mwanamke mwenye haraka.

"Shuka mbili kwa bei ya moja! We mama mwenye mkoba, unashika tu, umekuja kuipima homa? Nunua, mumeo alale vizuri apunguze maneno!"

Haikufanana hata chembe. Sauti yake ni nene, ilipasuka katikati, ikageuka mluzi. Lakini maneno yalikuwa yangu, na ule mkono kiunoni ulikuwa wangu.

Kidoti akaanguka chini kwa kicheko. "Baba kuku! Baba kuku!"

"Si baba," akamwambia. "Huyu ni mama. Mama alikuwa hivi."

"Tena!"

Akarudia, machozi yanamshuka, mkono kiunoni. Na mimi nikacheka, na mimi nikicheka hakuna anayejua isipokuwa mabega.

Jumapili nilirudi nyumbani. Msinipigie makofi, sikurudi kwa sababu nimesamehe. Mlangoni aliniuliza tena, "Umenisamehe?" nikamgonga kifuani mara mbili. Akaitikia kwa kichwa, akachukua mfuko wa nguo za mtoto, tukaingia. Kompyuta tuliirudisha pale pale kwenye kona, inawaka vizuri sasa, na hakuna anayeigusa.

Sasa ni kila jioni baada ya chakula. Mtoto anasema, "Baba, fanya mama," na baba anafanya mama. Anafanya nilivyomkataa mara ya kwanza, nilivyogombana na mwenye nyumba, nilivyomwimbia Kidoti alipokuwa na homa. Zile sekunde tisa tumezihifadhi mahali sita, pamoja na kwa Fundi Miwani.

Ila juzi alikosea. Ule wito wa mnadani, pale pa "kuipima homa", alisema "kuipima urefu." Hakujua. Aliendelea tu, mkono kiunoni, uhakika wote. Nikachukua simu nimsahihishe. Nikaandika nusu, nikamtazama anavyohangaika na sauti yangu, nikafuta. Mtoto alikuwa anacheka.